Tumbawe la Dokta Lluberes

"Kasa, hapa Mnara. Chumvi imefika."

"Mnara, hapa Kasa. Nimesikia. Naingia."

Belkis Montero akaondoa kidole kwenye kibanio cha nywele. Ndani ya kibanio kile mlifichwa redio ndogo kuliko punje ya mchele. Na chumvi kufika kulikuwa na maana moja tu: mnunuzi mgeni, Bwana Strand, ameshatua Santo Domingo na teksi yake inapanda mtaa wa Arroyo Hondo.

Kazi imeanza.

Alibonyeza kengele ya geti huku kisanduku cha barafu kikimning'inia begani. Ndani ya kisanduku mlikuwa na vipande viwili vya matumbawe vilivyogundishwa juu ya vigae. Chini ya vigae, ndani ya mfuko wa nailoni, ililala bastola, Glock 26.

Watu wa matumbawe wana wazimu wao, na wazimu wao ni mtamu. Jumapili wenzao wakienda ufukweni, wao hukusanyika sebuleni kwa mmoja wao, kila mtu na kisanduku chake, wakapeana vipande. Hawauziani. Unampa mwenzako kipande cha tumbawe lako leo, ili siku tangi lako likifa, uende kwake ukaombe mbegu. Jumapili hii zamu ilikuwa ya Dokta Octavio Lluberes, daktari wa meno na mwenyekiti wa chama.

Idara ya ujasusi, iliyomtuma Belkis, ilikuwa na habari nyingine juu yake.

Mwaka ule bahari ilichemka. Matumbawe ya pwani yote ya kusini yalipauka, yakawa meupe, yakafa. Tumbawe-pembe, lile lenye mikono mipana kama viganja vilivyofunuliwa, lilisemekana limekwisha kabisa. Lakini kulikuwa na shamba moja, mahali fulani baharini, lililokataa kufa. Serikali haikujua ni wapi. Dokta Lluberes alijua. Alikuwa amechukua kipande hai na sasa anamuuzia Strand, na Strand hakutaka mwingine yeyote duniani awe na tumbawe hilo. Asubuhi ile boti moja ilikuwa imeondoka La Romana na mapipa ya klorini. Baada ya muda ikazima mitambo yake ya kujitambulisha. Ikapotea.

Bahari ni kubwa. Bila kujua shamba liko wapi, hata helikopta kumi ni bure.

Katika Idara nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kulifahamu shamba lile. Wascar Tejeda. Alizama kulikagua miaka minne iliyopita, bila kumwambia mtu lilipo, wala hakuibuka.

Wascar ndiye aliyemfundisha Belkis kazi. Ndiye aliyemfundisha matumbawe pia, na hadi leo tangi lake lilikuwa nyumbani kwa Belkis, likinguruma usiku na mchana. Kila jioni matumbawe yale yalipofungua vinywa vyake kula, Belkis alimsikia Wascar akiyataja majina nyuma ya bega lake. Hakuwa mwendawazimu. Alimsikia tu.

Na mama yake Wascar, Doña Mireya, mpaka leo alikuwa akimmiminia mwanawe kahawa kila asubuhi. Padri alikuja, majirani walikuja, wakamsihi afanye maombi ya siku tisa kama wanavyofanyiwa wafu wote. Akawafukuza.

"Siwezi kumwombea mtu nisiyejua kalala wapi," aliwaambia. "Mkimpata, njooni."

Hakuna aliyekwenda.

Geti likafunguka.

"Karibu, karibu, bibie! Wewe ndiye mgeni wetu kutoka Santiago?" Dokta Lluberes alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono safi kupita kiasi. "Umetuletea nini?"

"Vitu vidogo tu, dokta. Msinicheke."

"Hapa hatumcheki mtu. Ila Nurys, yeye huyo humcheka kila mtu."

Nurys, mama mnene aliyekalia kiti bora kuliko vyote, akapunga mkono wenye pastelito, sambusa ya jibini. "Sicheki watu, nacheka matangi yao. Njoo hapa, binti, tuone hicho kisanduku."

Belkis akacheka pamoja nao, macho yake yakizunguka. Kando ya dirisha wazee wanne walikuwa wakigonga domino. Redio iliimba nyimbo za bachata. Na ukuta mzima wa sebule ulikuwa kioo.

Hata yeye alisita. Tangi lilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili na refu mara mbili yake. Chini ya taa za buluu matumbawe yalikuwa yakiwaka yenyewe kwa kijani, zambarau na machungwa. Alivaa miwani yake ya njano, ile inayochuja ubuluu. Fremu yake ilikuwa na kamera.

"Mnara, unaona?" alinong'ona.

"Naona. Lipo?"

Rangi inadanganya, Wascar alisema nyuma ya bega lake. Rangi ni ya taa, si ya tumbawe. Tazama vikombe.

Belkis akatazama vikombe, yale matundu madogo ambamo kila kinywa cha tumbawe huishi. Hili, vikombe vimeungana kwa mifereji kama ubongo. Lile, vimetengana kama vifungo vya shati. Lile pale, vimekaa kama nyota. Yote yalikuwa halali, yote yana vibali.

"Halipo, Mnara."

"Bibie," sauti ya Dokta Lluberes ilikuwa karibu mno na sikio lake. Mkononi alikuwa na bakuli la maji, na ndani yake kitu cha rangi ya haradali chenye ncha nyeupe. "Wavuvi waliniletea hiki jana. Mimi macho yameniishia. Hebu kishike, kigeuze, uniambie ni tumbawe gani."

Wazee wa domino waligeuza vichwa. Hata Nurys aliacha kutafuna.

Jasusi asiyejua matumbawe angekishika.

Belkis aliinama tu. Hakuna vikombe. Ni vitobo vidogo, kama vya sindano.

"Hicho kishike wewe, dokta. Tumbawe gani hilo? Huo ni moto mtupu, wa kuunguza ngozi. Nikiugusa nitakesha na barafu mkononi."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Nurys akapiga goti lake. "Umemwona huyo? Octavio, umepatikana leo! Mwaka jana alimpa mume wangu akalia kama mtoto."

Dokta alitabasamu, lakini macho yake yalimpima Belkis kidogo zaidi ya ilivyostahili. Kengele ya geti ikalia. Akaenda kumpokea mgeni wake wa pili.

Strand alikuwa na suti ya kitani na sanduku la baridi la chuma. Hakumsalimu mtu, wala hakutazama tangi hata mara moja.

"Mnara, Strand ameingia. Watakabidhiana humuhumu ndani. Lakini nyumba ina vyumba vingi, sijui ni kipi."

"Nikutumie vijana wavunje?"

"Ukivunja, anapiga simu moja na boti inamwaga klorini. Sikiliza. Zima umeme wa mtaa."

Mnara akasita. "Rudia?"

"Katiza umeme. Mtaa wote. Sasa hivi."

Umeme ukakatika.

Mahali pengine popote watu wangeshtuka. Santo Domingo, umeme unakokatika kila siku, ni nani atashtuka? Wazee wa domino waliguna kwa pamoja, mmoja akasema, "Haya, umekwenda huo," kisha akacheza kete yake. Nurys alilalamika kwamba bia itapata moto. Dokta Lluberes hakugeuza hata shingo. Alimshika Strand kiwiko, wakaingia ofisini kuhesabiana mambo yao. Umeme kukatika Jumapili mchana, nani atamshuku jasusi?

Belkis alifumba macho akasikiliza.

Redio imekufa. Feni zimekufa. Friji, kiyoyozi, pampu ya kisima cha jirani, vyote kimya. Mtaa ulikuwa umezibwa mdomo.

Ila tangi la ukutani lilikuwa bado likinguruma.

Ndivyo afanyavyo kila mfuga matumbawe wa kisiwa kile. Ana inveta, ana betri, na betri hazitoshi kila kitu. Kwa hiyo huchagua. Bia ioze, familia itoke jasho, lakini kile asichoweza kukipoteza ndicho anachokiunganisha na betri. Nyumba isiyo na umeme humsaliti mwenye nyumba. Nenda kunakosikika ngurumo, utajua anapenda nini.

Na Belkis alisikia ngurumo ya pili.

Ilitoka nyuma, kupita jikoni. Aliingiza mkono kisandukuni, chini ya vigae, akaichomeka Glock kiunoni.

"Choo kiko wapi, mama?"

"Nyoosha, kushoto," Nurys alisema. "Ukikuta giza, imba, tujue uko hai."

Hakwenda kushoto. Alipita jikoni, akapita kliniki ya nyumbani yenye kiti cha kutibia meno kilichofunikwa shuka, hadi kwenye mlango mzito wenye alama ya eksirei. Mlango wa namna hiyo nani anaugusa? Alitoa kifaa cha kufungulia vitasa, kikaguguna, kitasa kikaachia. Akaingia, akaurudishia.

Giza tupu, joto, harufu ya bahari.

Aliwasha kurunzi yake ya buluu.

Lilikuwapo. Ndani ya beseni la kioo lisilo na mapambo yoyote, tumbawe-pembe lilinyoosha mikono yake mipana. Ngozi yake ilikuwa ya rangi ya asali. Kingo zilikuwa nyeupe, na weupe huo haukuwa wa kifo. Ulikuwa wa kukua. Vikombe vilikuwa mirija midogo iliyotazama nje.

"Nimelipata, Mnara. Ni lenyewe. Li hai."

Kisha akashusha kurunzi kwenye shina.

Mtu anayependa matumbawe hakati mnofu. Akitaka kulihamisha, hupiga tindo chini kabisa na kulibeba pamoja na kile lilichoshikilia, liwe jiwe au chuma, ili lisijeruhiwe. Dokta Lluberes alilipenda tumbawe hili. Alilibeba na kitako chake.

Kitako kile hakikuwa jiwe.

Kilikuwa kipande cha risasi, madini yale mazito ya mikanda ya wapiga mbizi, na utando wa tumbawe ulikuwa umekipanda kama nta ya mshumaa. Belkis akazamisha mkono. Kidole chake kilipapasa upande uliokuwa bado wazi. Pembe zake zilikuwa za mviringo, kama za kopo la sardini. Katikati kulikuwa na alama ya duara lenye meno.

Akaipapasa tena.

Wascar hakuwa akinunua risasi za mkanda dukani. Aliziyeyusha uani kwa mama yake, akazimimina katika makopo ya sardini, na kabla hazijapoa alikandamiza juu yake kizibo cha chupa ya bia, Presidente kila mara, ili wenzake kazini wasimwibie. Duara lenye meno. Belkis mwenyewe alikuwa amekandamiza baadhi yake, akacheka alipoungua.

Uko hapa, alisema kimoyomoyo. Ewe ndugu yangu, miaka yote hii ulikuwa umeshikwa.

Aliumia. Aliumia pale gizani kama siku ya kwanza, mkono wake ungali ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza sauti ya nyuma ya bega haikusema lolote.

"Kasa? Kasa, jibu."

Nyayo.

Aliizima kurunzi na kujibana nyuma ya ngao ya eksirei. Mlango ukafunguka. Dokta kwa mazoea akabonyeza swichi, ingawa alijua umeme haupo, halafu akawasha taa ya simu.

"Ndilo hili," alisema. Sauti yake ilikuwa ya baba anayemwoza binti. "Maji yasizidi joto hili. Usilitikise. Usilitoe hewani hata kidogo."

Strand hakulitazama zaidi ya mtu anavyotazama ndoo. Alibonyeza simu yake. "Ninalo. Mwageni."

"Wamwage nini?" Dokta aliuliza.

"Klorini. Kule lilikotoka."

"Tulikubaliana unachukua hili moja tu!"

"Dokta, likiwa kila mahali, litamfaa nani?"

Belkis alitoka nyuma ya ngao. Glock mkononi. "Weka simu chini. Wote, kaeni mnapoonekana."

Strand alikuwa mwepesi. Simu ilianguka, na mahali pake pakawa na bastola. Haikumwelekea Belkis. Mdomo wake uligusa kioo cha beseni.

"Piga," alisema, "na mimi napiga. Tutaona nani atapoteza zaidi."

Dokta alitoa sauti ya mtu aliyechomwa sindano mfupani.

Belkis hakusogea. Alikuna kichwa taratibu, kama mtu aliyeshindwa, na kidole chake kikagusa kibanio.

"Mnara," alisema, "rudisha."

"Unaongea na na—"

Umeme ukarudi.

Taa za chumba zikalipuka nyeupe. Na kutoka sebuleni, wazee wa domino, Nurys, wapishi wa jirani, watoto wa mtaa mzima, wote kwa pamoja walipiga yowe na makofi kama wafanyavyo kila umeme unaporudi: "Umeruuudi!"

Strand hakuwahi kulisikia yowe hilo maishani. Aligeuka mlangoni, bastola ikamfuata.

Belkis alikuwa akilisikia tangu alipozaliwa.

Pigo lake la kwanza lilivunja kifundo cha mkono wa Strand. Bastola ikaruka. La pili, kwa kitako cha Glock nyuma ya sikio, likamlaza sakafuni.

Kioo kilikuwa kizima.

"Mnara, Strand yuko chini. Amri ya kumwaga imeshatoka. Nasema imeshatoka!"

"Kasa, helikopta iko hewani na haijui iende wapi! Nipe mahali!"

Belkis alimgeukia daktari wa meno. Alikuwa amepiga magoti, mikono yake safi imekumbatia beseni.

"Wapi?"

Midomo ilicheza. Alilikumbatia beseni zaidi.

"Dokta, wanamwaga sasa hivi. Shamba lote. Wapi?"

"Siwezi," alisema. "Wakienda kule, wata... siwezi."

Ndipo Belkis akaelewa. Haikuwa jela ya kuuza tumbawe iliyomfunga mdomo. Alichuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana.

"Unaogopa watamkuta Wascar," alisema. "Nimeshamkuta, dokta. Risasi hii ni ya mkanda wake. Mimi ndiye niliyepiga hicho kizibo. Huna tena cha kuficha. Kilichobaki ni hili tu: ndugu zake hili tumbawe, unawaacha wafe au huwaachi?"

Uso wa Lluberes ukabomoka.

"Alinikuta nikikata," alisema. "Alitikisa kichwa tu, kunikataza. Nilimfungia hewa. Kwa mkono huu. Akabaki chini ya mwamba. Halafu dhoruba ikavunja tawi, likamwangukia, likashika." Alikuwa akilia waziwazi. "Bahari ilipochemka, yote nje ya shamba lile yalikufa. Lake halikufa. Nilikuwa narudi kulitazama. Silali, dada. Siku nyingi silali."

"Wapi?"

"Upande wa mashariki wa rasi ya Punta Lechuza. Kuna mnara wa kale wa mawe. Ukiupa mgongo, mbele yako maji yanabadilika rangi. Ni pale."

"Mnara, umepata?"

"Nimepata."

 Pampu ilinguruma. Kule mbele bachata ilikuwa imerudi, na Nurys alikuwa akiuliza kwa sauti kama yule binti wa Santiago ametumbukia chooni.

Belkis alisubiri. Aliomba pia, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu.

"Kasa." Sauti ya Mnara ilikuwa imechoka. "Tumewadaka. Pipa moja limefunguliwa. Halijainamishwa."

Alifumba macho.

"Na tumbawe lako hapo?"

"Mwiteni mama mmoja aitwaye Nurys, yuko sebuleni. Alibebe yeye na wenzake, kwa maji yake yenyewe. Vijana wako wasiliguse."

Walipokuja kumchukua Lluberes, alikuwa bado anawaeleza polisi joto la maji. Strand alibebwa. Belkis alipita sebuleni, akaichukua pastelito moja kwenye sinia, akavuka barabara bila kutazama nyuma.

"Kasa," Mnara aliita, "rudi kituoni uandike ripoti."

"Kesho."

"Kasa, hiyo ni amri."

Alikitoa kibanio kichwani, akakitia mfukoni.

Doña Mireya aliishi Villa Consuelo, ghorofa ya chini, mlango wazi kama kawaida. Jua lilikuwa bado lipo. Alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage, na alipomwona Belkis anakuja kwa miguu, bila maua, bila padri, nywele zimemwagika, mikono yake iliacha kufanya kazi.

"Umekuja na neno," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sema basi. Usinizungushe."

"Yuko Punta Lechuza. Baharini, chini ya mwamba. Aliyemuua amekamatwa na amekiri."

Doña Mireya alichagua jiwe moja kwenye maharage, akalitupa.

"Pakoje pale?"

"Pana matumbawe, mama. Mahali pengine pote yamekufa. Alipolala yeye yako hai."

"Samaki wapo?"

"Lazima wapo."

Mama mzee akaitika kwa kichwa. Akaliweka sinia la maharage chini. Akasimama, akajishika kwenye mwimo wa mlango, akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilifika mwisho wa mtaa.

"Jirani! Leteni viti! Wekeni chai ya tangawizi jikoni! Wascar wangu amekufa!"

Madirisha yakafunguka. Milango ikafunguka. Watu wakaanza kutoka na viti vya plastiki vichwani, wengine wanalia tayari, kwa maana walikuwa wameyazuia machozi hayo miaka minne kwa heshima yake.

Belkis alimbusu paji la uso. Kisha akashuka mtaa dhidi ya mkondo wa watu, miwani ya njano usoni, akiwapisha wenye viti mmoja baada ya mwingine.